Sauti ya redio ya upepo mpaka kwenye rekoda: niliyojifunza kwa kuunguza vitu

Swali ninaloulizwa sana na wanaoanza ni hili: "Nimechomeka waya kutoka redio ya mkononi hadi kwenye rekoda, mbona sauti inakwaruza kama mtu anayeongelea ndani ya debe?" Umemimina ndoo nzima kwenye kikombe, ndiyo maana.

Tundu la spika kazi yake ni kusukuma spika. Wati 1 kwenye spika ya ohmu 8 ni karibu volti 2.8. Tundu la laini (line in) la rekoda ya kawaida linataka karibu volti 0.3, na tundu la maiki linaridhika na milivolti chache tu. Ukiingilia kwenye maiki umezidisha mara mamia, na kushusha kiwango kwenye menyu ya rekoda mara nyingi hakutakuokoa, kwa sababu mawimbi yameshakatwa vichwa mlangoni.

Mimi nilianza kwa njia ya mkato: nikapunguza sauti ya redio yenyewe mpaka ikawa kama inanong'ona. Ikafanya kazi vizuri. Kisha siku ya zoezi la saa mbili mwenzangu akapita mezani, akaona redio iko kimya, akaiongeza sauti kwa nia njema kabisa. Saa moja na nusu ya mikwaruzo. Toka siku hiyo sitegemei kitufe ambacho mtu mwingine anaweza kukifikia.

Dawa yake ni rizista mbili, vile vipande vidogo vya kupunguza umeme. Ya kilo-ohmu 10 inakaa kwenye waya wa sauti, kisha ya kilo-ohmu 1 inatoka pale zinapokutana kwenda kwenye ethi, yaani waya wa pamoja wa redio na rekoda. Sauti ya rekoda unaichukua kati ya ncha mbili za hiyo ya kilo-ohmu 1. Unabaki na sehemu moja ya 11: volti 2.8 zinakuwa kama 0.25, na hicho ndicho kiwango cha laini. Kama rekoda yako ina tundu la maiki tu, badala ya kilo-ohmu 1 weka ohmu 10, utapata karibu milivolti 3. Upande wa rekoda ongeza kapasita ya mikrofaradi 1 isiyo na chanya na hasi, kwani matundu mengi ya maiki hutoa umeme kidogo wa kulisha maiki, nao usirudi kwenye redio.

Kuhusu kupata huo waya wa sauti: redio nyingi za mkononi zenye matundu mawili ya mtindo wa Kenwood hupitisha spika kwenye plagi nyembamba ya milimita 2.5. Ile ya 3.5, ambayo kila mtu huikimbilia kwa sababu inafanana na ya hedifoni, ni ya maiki na PTT (kitufe cha kubonyeza ili urushe). Ukichezea nyaya zake utajikuta unarusha hewani bila kujua. Njia rahisi kuliko zote ni kununua kisikilizio cha bei ya chini cha redio hiyo na kukikata karibu na sikio. Nyaya mbili utakazozikuta pale ndizo za spika, na maiki na PTT hujazigusa.

Sasa mdogo wangu, hapa soma polepole. Kwenye redio za upepo za kufungwa garini usidhani kwamba moja ya nyaya mbili za spika lazima iwe ethi. Mimi nilidhani. Nikaunga upande mmoja kwenye ethi ya kompyuta, nikawasha, nikasikia harufu ya plastiki kabla sijasikia sauti yoyote. Amplifaya za redio nyingi za gari husukuma spika kutoka pande zote mbili, kwa hiyo ukiupeleka upande wowote ethini umeuunguza. Kupima ni dakika moja: redio ikiwa imewashwa na spika inalia, mita iwe kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye chasisi, nyekundu kwenye waya mmoja kisha mwingine. Zote mbili zikionyesha karibu nusu ya umeme unaoilisha redio, yaani kama volti 7 kwa redio ya volti 13.8, hapo hakuna ethi.

Katika hali hiyo ile rizista ya kilo-ohmu 1 iishie kwenye waya wa pili wa spika badala ya ethi, kisha baada ya rizista zako weka transfoma ndogo ya sauti ya uwiano wa 1 kwa 1, ohmu 600 kwa 600. Sauti inavuka, nyaya hazigusani. Transfoma hiyohiyo inaondoa ule mvumo wa hezi 50 au 60 unaokuja kompyuta na redio zikiwa zote kwenye umeme wa ukutani. Kama una shaka mvumo unatoka wapi, chomoa chaja ya kompyuta. Ukitoweka, umempata mchawi.

Redio nyingi za gari za ridhaa (ham) zina tundu dogo la duara la pini 6 kwa ajili ya data, na kama yako inalo, achana na spika kabisa. Pini 2 ni ethi, pini 5 ni sauti iliyokwisha kulainishwa, na haijali kitufe cha sauti kimewekwa wapi. Pini 4 ni sauti mbichi: kali masikioni, na toni za CTCSS, zile toni nzito za kufungulia redio nyingine, za kati ya hezi 67 na 254, zinavuma chini yake. Kwa kusikiliza binadamu chukua 5. Ila angalia mchoro umechorwa kutoka upande gani. Mimi niliusoma mchoro wa tundu wakati nalehemu nyuma ya plagi, kila kitu kikageuka kama kwenye kioo, nikaangukia pini 6 ya skwelchi, ule mlango unaoinyamazisha redio wakati hakuna anayeongea. Jioni nzima nilirekodi "tuk" kila chaneli ilipofunguka, na neno hata moja sikupata.

Sauti yako mwenyewe haitarekodiwa, maana redio ikirusha spika yake hunyamaza. Tenga redio ya pili ya kusikiliza tu, mita kadhaa kutoka kwenye ile unayoongelea. Na hakikisha una ruhusa ya kurekodi chaneli hiyo, sheria zinatofautiana.

Kupanga kiwango, bonyeza kitufe cha kufungua skwelchi, acha ule mshindo mtupu wa "shaa" ujae, uuweke karibu na desibeli 12 chini ya kilele cha kipimo cha rekoda. Maongezi mara chache yatauzidi mshindo huo.

Usitumie kile kipengele cha rekoda kujiwasha yenyewe ikisikia sauti. Huchelewa kidogo, na kwa lugha yetu hicho kidogo ndicho kinachobeba ukanushaji. Ninayo rekodi ambayo mtu alisema "usivuke sasa", ikabaki "vuke sasa". Iache irekodi muda wote, mono, hezi 16,000, biti 16. Saa nzima ni kama megabaiti 115.