Karafuu ya chungu na mafuta ya chupa

Swali: Assalaam alaikum, Daktari. Mama mkwe wangu hapa Wete humchemshia mjukuu wake wa miaka miwili karafuu mbili akipata mafua. Jirani sasa ananishauri nimpe nusu kijiko cha chai cha mafuta ya karafuu, eti yana antioksidanti nyingi zaidi. Je, ni salama? Na mume wangu anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande?

Jibu: Waalaikum salaam, dada yangu. Mafuta hayo usimnyweshe mtoto hata tone. Jirani hakukosea kuhusu nguvu ya karafuu, kwani katika vipimo vya maabara ni miongoni mwa viungo vinavyoongoza kwa antioksidanti, yaani vitu vinavyozituliza chembe haribifu kabla hazijadhuru seli. Kazi hiyo hufanywa hasa na yujeno, kemikali iliyomo ndani ya karafuu, ambayo ndiyo pia inayotia ulimi ganzi ukitafuna karafuu moja. Hata hivyo, kinachotokea katika chupa ya maabara si ushahidi kwamba mwilini kitaponya mafua.

Hatari imo katika kipimo. Yujeno ni takriban asilimia 70 hadi 90 ya mafuta hayo, na kiwango kinachokubalika kwa siku ni miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 12 basi hastahili kuzidisha miligramu 30, ilhali nusu kijiko cha mafuta kina karibu gramu 2 za yujeno, zaidi ya mara 60, kama kwamba umekamua karafuu zaidi ya 100 akazinywa kwa funda moja. Watoto waliokunywa kati ya mililita 5 na 10 wamepata degedege, wamepoteza fahamu na maini yao yameharibika. Maji ya bibi, yenye karafuu mbili, ni jambo jingine kabisa, na sioni sababu ya kumvunja moyo mama mkwe wako.

Mume wako na ale pilau yake bila wasiwasi. Mafuta au unga wa karafuu kama dawa asitumie kabla ya kumweleza daktari wake, kwa sababu yujeno hupunguza kushikamana kwa chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, na huenda ikazidisha hatari ya kutokwa na damu.

Chupa iwekeni juu, asikofika mtoto. Ikitokea ameyanywa, msimtapishe. Mkimbizeni hospitali mara moja, na chupa mwichukue.