Maswali ya Wasomaji: Klauni Watatu Ndani ya Lita Sabini

*Shikamoo Mzee. Nimenunua samaki watatu wa tangini, lochi aina ya klauni, wale wa rangi ya chungwa wenye mikanda mitatu myeusi, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Tangi langu ni sentimita 60 kwa 30, kwenda juu 40. Humo tayari wamo mbuna wawili wa njano na faita mmoja mwenye mapezi marefu. Muuzaji aliniambia hawa hawakui sana. Usiku wa pili nikamkuta mmoja amelala ubavu, nikajua kafa. Nilipotia mkono kumtoa, akakimbia! Nimekosea wapi?*
*Msomaji, Mwanza*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na huyo aliyelala ubavu, maana naona ndiye anayekunyima usingizi. Mzima kabisa. Klauni ndivyo walivyo: hulala ubavu, hujibana kati ya jiwe na gogo, wengine hulala chali. Wa kwanza niliyewahi kumfuga nilishamweka kwenye gazeti tayari kwenda kumzika chini ya mwembe, ndipo akapiga mkia. Siku hizi naangalia mashavu tu. Yakipanda na kushuka taratibu, namwachia usingizi wake.

Tatizo lako ni lile tangi. Zidisha 60 kwa 30 kwa 40, gawa kwa 1,000, unapata lita 72. Toa mchanga, mawe na ile nafasi ya juu usiyoijaza, umebaki na kama lita 60. Klauni aliyekomaa hufika sentimita 20 hadi 30. Sasa chukua rula ya mtoto wa shule, ile ya sentimita 30, uilaze ndani ya tangi lako kwa upana. Imegusa kioo huku na huku? Basi huyo ndiye samaki wako miaka ijayo, na hana pa kugeukia. Dukani huwaoni wakubwa kwa sababu huuzwa wakiwa wachanga. Muuzaji anayesema hawakui huenda hajawahi kukaa nao hata mwaka mmoja. Nao huishi miaka 20 na zaidi wakitunzwa, kwa hiyo mwanao atamaliza shule wangali wapo.

Halafu ni samaki wa kundi. Watatu ni wachache: wawili watashikana, wa tatu ataonewa mpaka ajifiche moja kwa moja. Idadi ianzie watano. Watano wa urefu wa rula, wanaopenda kufukuzana usiku, wanataka sentimita 180 kwa 60 kwa 60. Hizo ni lita 648, yaani kilo 648 za maji peke yake, kabla ya kioo na mchanga. Mimi kwa kimo hicho namwambia fundi akate kioo cha milimita 12 na aweke mikanda ya kioo juu, na meza iwe ya chuma, ikae kwenye sakafu ya zege. Kabati la televisheni lisahau. Na ukipunguza, punguza kimo, usiguse urefu. Watu wanapenda matangi yaliyosimama kama kabati la vyombo, lakini lochi maisha yake ni chini, na anachohesabu yeye ni sakafu.

Najua hela ya tangi hilo haiokotwi. Ukipata la 120 kwa 45 kwa 45, karibu lita 243, linaweza kuwalea watano wadogo huku unajipanga. Baada ya miezi ya mwanzo hawakui kwa pupa, hivyo muda unao. Ila kama kichwani unaona kabisa kwamba tangi kubwa halitakuja, warudishe dukani sasa wakiwa wadogo, ubadilishe na aina inayoenea. Nitaitaja chini, kwa jibu la dada wa Tanga.

Kuhusu majirani zao. Mbuna ni wa Ziwa Nyasa, na maji ya ziwa lile ni magumu, yaani yana madini mengi, na pH yake (kipimo cha uchachu) huzidi 7.5. Klauni ni wa mito ya Sumatra na Borneo, maji laini, yenye uchachu kidogo. Ukiwaweka pamoja lazima upande mmoja uishi kwa kuvumilia. Isitoshe, mbuna ana desturi ya kumiliki jiwe, na klauni ana desturi ya kulala chini ya jiwe hilo hilo. Faita naye mtafutie chombo chake leo leo. Yale mapezi marefu ni kishawishi, na kwenye fujo za chakula yeye ndiye atakayekosa.

Wanaoelewana na klauni ni wale wa maji ya joto ya nyuzi 26 hivi, wachangamfu, wanaokaa katikati na juu: barbi wa mistari, rasibora wakubwa, au tetra wa Kongo, ambaye kwa macho yangu ndiye mzuri kuliko wote hao. Kama moyo wako uko kwa mbuna, basi acha lochi, tafuta gogogo wadogo wa Ziwa Tanganyika, mfano *Synodontis petricola*. Sharubu anazo, madoa anayo, na maji magumu ndiyo kwao. Na hapa nikupe jambo la kuwasimulia wavuvi wa huko Mwanza: pamoja na sharubu zake, lochi si jamaa wa karibu wa kambare wala gogogo. Ukoo wake uko kwa ningu na dagaa wa Ziwa Victoria.

Mawili ya mwisho, na yote nilijifunza kwa hasara. Usimvue klauni kwa wavu. Chini ya jicho ana mwiba uliokunjwa, akiogopa anaufyatua, nao unanasa kwenye nyuzi. Niliwahi kukata wavu mpya kwa mkasi, tundu moja moja, samaki kwenye kiganja kilicholowa, mke wangu akimulika tochi. Tumia bakuli au kopo la plastiki. La pili, magamba yao ni madogo mno na dawa huwaingia haraka. Walipopata ugonjwa wa madoa meupe, yale kama chembe za chumvi, niliweka dozi kamili iliyoandikwa kwenye chupa. Kufikia asubuhi nimepoteza wawili. Siku hizi ni nusu dozi, joto napandisha polepole kwa siku kadhaa mpaka nyuzi 30, na pampu ya hewa haizimwi. Samaki mgeni yeyote anakaa kwenye ndoo yake wiki tatu kwanza.

*Assalaam alaykum. Nilinunua kuli sita, wale lochi wembamba kama tambi. Baada ya wiki nawaona wawili tu. Nina tetra wadogo, na mchanga niliuchota ufukweni. Je, tetra wamewala?*
*Bibie wa Tanga*

Waalaykum salaam. Tetra hana mdomo wa kumla kuli. Zima taa, subiri saa moja, kisha mulika kwa tochi ya simu uliyoifunika karatasi nyekundu. Nina hakika utahesabu zaidi ya wawili, maana kuli huzama mchangani mchana kutwa. Ukikosa, fungua kichujio, huwa wanaingia kwa bomba la kunyonyea, na wangu mmoja alikaa humo akinenepa. Funika mdomo wa bomba kwa sponji. Kisha tazama mfuniko: tundu la kupitishia waya linamtosha kutoka, na ukimkuta nyuma ya kabati atakuwa keshakauka.

Lita 54, yaani 60 kwa 30 kwa 30, zinawatosha sita, kwa kuwa hawazidi sentimita 10 hivi. Tetra wadogo na rasibora ni majirani wema. Kinachonitia shaka ni mchanga wako. Dondoshea ndimu au siki. Ukitoa povu, una chembe za kombe na matumbawe, na utayafanya maji kuwa magumu siku hadi siku. Badilisha, tumia mchanga laini wa mtoni uliooshwa mpaka maji yatoke meupe. Kokoto zenye ncha usiweke, zinawasugua sharubu.

*Mzee, mambo? Nina samaki dhahabu wawili, na hapa Nairobi sitaki gharama ya hita. Kuna lochi wa kukaa nao? Pia konokono wamenijaa.*
*Msomaji, Nairobi*

Salama, ndugu yangu. Yupo: dojo, *Misgurnus anguillicaudatus*, wa Uchina, Japani na Korea. Anapenda nyuzi 15 hadi 24, na hupanda juu kumeza hewa, kwa hiyo usishtuke ukimwona. Mgandamizo wa hewa ukishuka kabla ya mvua huhangaika tangi zima, ndiyo maana kuna wanaomwita mtabiri wa hali ya hewa. Hufika sentimita 20, pengine zaidi. Weka watatu, na tangi lisipungue urefu wa sentimita 120, maana hata samaki dhahabu wako wanalihitaji hilo. Mfuniko ubane.

Konokono wadogo atawapunguza, lakini usinunue samaki kwa ajili yao. Weka kipande cha tango usiku, asubuhi kitoe na waliokipanda. Rudia wiki nzima.

Na ukimchoka dojo, mpe mfugaji mwingine. Usimpeleke mtoni. Marekani na Australia wamemkuta kwenye mito yao, kawashinda kumtoa.