Tatu, tano, saba, halafu nane?

Mmeuliza wiki hii kama watoto wa PP2, yaani mwaka wa pili wa chekechea, na Gredi ya 1 waendelee kuimbishwa namba darasani. Mmenigusa penye kidonda. Hapa Lamu, kuanzia Langoni hadi Mkomani, ukipita nje ya darasa asubuhi utasikia "mbili, nne, sita, nane, kumi" kwa sauti moja, na mzazi apitaye huridhika kwamba mwanawe anasoma. Wimbo si hesabu. La kuuliza ni kama mtoto anajua kinachofuata, au anakumbuka tu.

Kulijua hilo si kazi: usimwanzishie mbili. Binti mmoja wa Gredi ya 1, mwimbaji hodari kuliko wenzake, aliandikiwa ubaoni 3, 5, 7 na nafasi mbili wazi. Akajaza 8 na 10. Hakubahatisha. Alipofika saba, sikio lilitafuta namba ya karibu iliyomo kwenye wimbo, likaikuta nane, basi wimbo ukamchukua. Mwalimu akamwambia, "Soma tena, mwanangu." Akasoma, akajibu yale yale, safari hii kwa sauti kubwa zaidi.

Kilichomfungua ni komwe, zile mbegu ngumu za kuchezea bao. Kwanza zilimwagwa sakafuni, zikabingirika hadi chini ya madawati, ikabidi zihamishiwe kwenye sinia lenye mchanga. Mstari wa komwe tatu, chini yake tano, chini yake saba, yote ikianzia upande wa kushoto, komwe chini ya komwe. Hapa wengi huharibu: wakiipanga mistari kwa kuiweka katikati, ziada hugawanyika, moja huku moja kule, mtoto asiione. Ikianzia kushoto, ziada yote huchomoza kulia. Kisha komwe mbili za mwisho za mstari wa pili na wa tatu zikaondolewa, pakawekwa vifuniko vya soda. Mwalimu hakuuliza inayofuata ni ngapi. Aliuliza, "Mstari huu umeuzidi wa juu yake kwa ngapi?" Binti akagusa vifuniko: viwili, na hapa viwili. Akapanga mstari wa nne mwenyewe, akahesabu tangu komwe ya kwanza: tisa. Akaenda ubaoni akafuta 8. Kwenye ile 10 alisita kidogo, akarudi siniani kuongeza vifuniko viwili, ndipo akaandika 11.

Wa PP2 hawahitaji tarakimu bado. Ukili wa mkeka wenye rangi unatosha: funika sehemu kwa kiganja, muulize chini ya mkono kuna rangi gani. Mpe nyekundu, nyekundu, nyeupe, irudiwe kamili angalau mara mbili, halafu ikatize katikati, baada ya nyekundu moja. Aliyezoea kupokezana rangi mbili tu atasema nyeupe, nawe utajua pa kuanzia. Na kwenye namba, tafadhali, msimpe mtoto namba za kwanza mbili tu. Baada ya 2, 4 anayesema 8 ameongeza maradufu, hana kosa, lakini atawekewa alama ya kosa.

Hata hivyo, nikiandika haya naona nimeuonea wimbo. Binti yule alihesabu kila mstari upya tangu mwanzo; kwa tisa hilo si neno, lakini kwa 20, 22, 24 komwe zitamchosha kabla hajafika. Hapo wimbo ndio unaombeba. Kwa hiyo waimbe, tena kila siku, mradi siku nyingine waanzie moja au tatu, na siku nyingine warudi nyuma kutoka ishirini, ambako karibu wote hujikwaa. Ila darasa likiwa limejaa na sinia ni moja, nina shaka kama mwalimu atafika kwenye komwe kabla kengele haijalia.

Komwe zikikosekana, kokoto zafaa, lakini chagueni zinazolingana. Kokoto tano kubwa hufanya mstari mrefu kuliko saba ndogo, na mtoto wa umri huo huamini urefu kabla ya idadi.