RNA huvunjika hata bila kimeng'enya: kwa wanaoanza maabara Moshi na Arusha

Wadogo zangu mnaoingia maabara, siku ya kwanza mtaambiwa mvae glovu kwa sababu ya vimeng'enya vinavyokata RNA. Vaeni, tena mbadilishe mara kwa mara. Ila RNA huvunjika hata pasipo kimeng'enya, na ayoni za metali ndizo huharakisha.

Sukari ya RNA ina haidroksili kwenye kaboni ya 2, ambayo DNA haina. Haidroksili hiyo ikipoteza protoni huishambulia fosfeti jirani, mnyororo unakatika. Maji yaliyoshikwa na ayoni ya metali huachia protoni kirahisi kuliko maji matupu, na haidroksidi inayobaki huinyang'anya haidroksili protoni yake. Metali ya risasi (Pb) ni kali mno: hukata tRNA ya fenilalanini (RNA ndogo inayobeba asidi amino hiyo) mahali maalumu hata pH ikiwa karibu na 7. Magnesiamu ni mpole, na RNA inaihitaji ili ijikunje vizuri. Ipashe RNA moto pamoja nayo kwenye bafa (myeyusho unaodumisha pH) yenye pH ya 8 na kuendelea, upole huo unaisha.

Kwangu mimi, hatua ya kuogopwa ni ya DNase I, kimeng'enya cha kukata DNA iliyobaki kwenye RNA. Kimeng'enya hiki hutaka magnesiamu na kalsiamu, kwa hiyo bafa yake inazo zote mbili. Kukizima, mnapasha nyuzi 75 kwa dakika 10. Tieni kwanza EDTA, kemikali inayofunga ayoni za metali, ifike milimola 5 kwa lita, changanyeni, ndipo mpashe. Mkipasha kabla, kwenye jeli bendi za 28S na 18S (RNA kubwa mbili za ribosomu) hufifia na chini yake hutanda ukungu mrefu. (EDTA haizuii RNase A, kimojawapo cha vile vimeng'enya vinavyokata RNA, kwa hiyo glovu zibaki mkononi.)

Maji ya bomba yanayoshuka Kilimanjaro ni matamu kunywa, lakini yana kalsiamu na magnesiamu. Yasiguse RNA kabisa.

Wala msimimine EDTA bila hesabu. Kimeng'enya cha kutengeneza cDNA (nakala ya DNA inayotokana na RNA) nacho hutegemea magnesiamu, na molekuli moja ya EDTA hufunga ayoni moja. Mikrolita 2 za RNA yenye EDTA ya milimola 5 kwa lita, ndani ya mchanganyiko wa mikrolita 20, hula milimola 0.5 kwa lita ya magnesiamu. Kama bafa ina 3, hiyo inavumilika. Mkiweka mikrolita 10 zinaliwa 2.5, hapo ongezeni magnesiamu, au isafisheni RNA kwanza.