Tafakari ya ushairi na ukuaji wa mji: anza na mshororo, si na dhamira

Mdogo wangu wa kidato cha tano HKL (mchepuo wa Historia, Kiswahili na Kiingereza), umesema mwalimu ametaka tafakari ya kurasa nne kuhusu ushairi na ukuaji wa miji, mfano ukiwa Dodoma. Una kurasa mbili za dhamira na ukurasa mmoja wa historia ya Dodoma, na hujui vitaungana vipi. Haviungani, kwa sababu umeandika kazi mbili: moja ya uchambuzi wa Kiswahili, nyingine ya jiografia. Tafakari inadai mshororo mmoja ukufanye uutazame mji upya, kisha mji ukurudishe kwenye mshororo uleule uusome tena.

Ile orodha ya umaskini, rushwa na mmomonyoko wa maadili iweke pembeni. Imo kwenye kila kijitabu cha uchambuzi na nusu ya darasa itaileta kwa mpangilio uleule. Ili nisiguse diwani ya mashairi mnayosoma, natumia ubeti niliouunga sasa hivi kwa ajili ya maelezo haya:

Shamba la mtama jana, leo limeota nyumba,
Vigingi vimepangana, vimefika kwenye mwamba,
Bibi asema kwa wana: nipeni nilipochimba,
Namba ya kiwanja sina, mji umenila shamba.

Usome kwa sauti mara tatu. Mara ya kwanza sikiliza tu. Ya pili gonga kidole mezani kwa kila silabi. Ya tatu tua penye koma, usikie pumzi inakatika wapi. Ukigonga vizuri utapata nane kwa nane kila mshororo, yaani silabi nane kila kipande. Wengi huharibu hapa. "Mtama" ni silabi tatu, m-ta-ma, kwa kuwa m hiyo inasimama peke yake. "Mji" ni mbili, na "nchi" vilevile. Lakini "mwamba" ni mbili tu, mwa-mba, na "shamba" ni mbili. Anayeipa "mtama" silabi mbili atapata mizani saba, kisha ataandika kwa kujiamini kwamba mtunzi amekiuka arudhi, yaani kanuni za utunzi. Vina: kati -na, mwisho -mba. Mishororo minne, basi ni tarbia. Hayo yote yamalize kwa sentensi tatu. Kueleza tarbia ni nini kwa nusu ukurasa ni kujaza karatasi, na msahihishaji anajua.

Baada ya hapo jiulize swali ambalo notsi huwa haziulizi: mgawanyo huo wa vipande unafanya kazi gani? Mshororo wa kwanza una shamba na jana kwenye ukwapi, yaani kipande cha kwanza, leo na nyumba kwenye utao, yaani kipande cha pili. Katikati kuna koma tu. Hakuna mkutano wa mtaa, hakuna mpima ardhi, hakuna mthamini wala hundi ya fidia. Miaka mizima imerukwa ndani ya pumzi moja, na hivyo ndivyo anavyouona mji mtu ambaye hakuwahi kuketi kwenye vikao vilivyoupanga. Mshororo wa nne unatumia mgawanyo uleule kwa namna nyingine: ukwapi una sababu, utao una matokeo.

Halafu nenda kwenye vitenzi. "Limeota" ni kitenzi cha mtama, kimehamishiwa kwenye matofali. Hiyo ni sitiari. "Mji umenila shamba" ni tashihisi, yaani mji umepewa tendo la kiumbe hai, lakini ukiishia kutaja jina la tamathali hujasema kitu. Tazama kiambishi -ni-. Kama ingekuwa "mji umekula shamba", mizani ingebaki nane ileile, vina visingeguswa, ila bibi angetoweka kabisa kwenye sentensi. Kiambishi kimoja ndicho kinachomweka ndani kama aliyeporwa. Jambo moja la namna hii ukilieleza vizuri linazidi tamathali sita ulizoziorodhesha. Na angalizo: anayesema "sina" ni bibi, nafsineni, yaani msemaji, wa mishororo miwili ya mwisho. Usiandike kwamba mtunzi hana kiwanja.

Sasa mji. Usichukue Dodoma nzima, chukua ukingo mmoja ambapo jiji linakutana na shamba: Nzuguni, Iyumbu, Nala au upande wa Mtumba. Nenda asubuhi na daftari, andika unachokiona kabla ya kuandika unachokifikiri: bikoni za zege, zile alama za mipaka ya viwanja, zilizochomoza kwenye mabua ya mtama, pagala lisilo na paa, mizabibu nyuma ya ukuta mpya, tembe la Kigogo lenye paa bapa la udongo likiwa limebanwa na nyumba za bati la rangi. Vitu vitano au sita vinatosha. Ukizungumza na mzee, mweleze ni kazi ya shule na jina lake usiliandike.

Kwenye tarehe watu huteleza sana, kwa hiyo zitenganishe. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa 1973, na CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, iliundwa mwaka huohuo. Msukumo mpya wa kuhamisha Serikali ulitangazwa 2016. CDA ilivunjwa Mei 2017, majukumu yake yakaenda halmashauri. Hadhi ya jiji ilitangazwa tarehe 26 Aprili 2018. Ukiandika kwamba Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu 2018 umefuta miaka 45, na umepoteza hoja nzuri: neno "jana" katika ubeti lina uzito mmoja kwa familia iliyopisha mpango wa miaka ya 1970, na uzito mwingine kwa iliyowekewa bikoni baada ya 2016.

Takwimu mbili zinakutosha. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Ya 2022 ikahesabu 765,179 katika Jiji. Ni ongezeko la takriban asilimia 86 ndani ya miaka 10. Usichanganye na mkoa, ambao 2022 ulikuwa na watu 3,085,625. Na kumbuka kwamba ndani ya mipaka ya jiji kuna Hombolo na Mbabala, ambako kilimo bado kipo, kwa hiyo usiseme wote 765,179 wanaishi maisha ya mjini. Namba hizi ziweke palepale unapojadili "jana" na "leo". Zikikaa kwenye aya yake peke yake zitarudi kuwa jiografia.

Bado hujarudi kwenye shairi, na wengi huachia hapa. Soma tena "nipeni nilipochimba". Ukiwa darasani utafikiri ni jembe tu. Ukiwa Dodoma, nchi ya mvua ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, kuchimba kuna maana nyingine: wakati wa kiangazi watu huchimba kwenye mchanga wa korongo lililokauka kupata maji. Pia watu huchimba kaburi. Fidia chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 na kanuni zake hutazama thamani ya ardhi na maendelezo, ikiongezwa posho kama ya usumbufu na usafiri. Bibi haombi thamani. Anaomba mahali. Maana hiyo hungeipata kwenye kijitabu; imetoka kwenye ardhi ya Dodoma, na hilo ndilo daraja ulilokuwa unalitafuta kati ya kurasa zako tatu.

Kisha lipinge shairi kidogo. Kuna waliouza kwa hiari wakajenga nyumba za kupangisha, kuna wakulima wa zabibu waliosogezewa wateja. Ubeti umewanyamazia hao. Aya moja inatosha, mradi uonyeshe ni kipande gani cha shairi kinachowaacha nje. Mimi ningeshika "sina", maana wapo waliopimiwa na namba wanazo.

Kurasa nne zigawe hivi kwa makadirio: robo ukurasa ubeti au mishororo unayojadili na mahali ulipokwenda, ukurasa mmoja na nusu fani ikifanya kazi, ukurasa mmoja mji, pamoja na tarehe na takwimu, ukurasa mmoja kurudi kwenye mshororo na kuupinga, robo iliyobaki ni ya kukata na kusahihisha. Nukuu usizidishe mishororo minne kwa mara moja, na kila nukuu ifuatwe na maelezo yako marefu kuliko yenyewe.

Kama shairi mlilopewa ni huru, huna mizani ya kuhesabu. Hesabu maneno katika kila mstari, uangalie mstari mfupi kuliko wote umekatwa kwenye neno gani. Anzia hapo.