Nataka kuozesha kwa idhini, nianzie wapi?

SWALI: Assalaam aleykum. Nasalisha msikiti mdogo karibu na Wete. Watu wananiomba niwaozeshee mabinti zao. Nifanye nini nitambulike rasmi?
Msomaji, Pemba

JIBU: Waaleykum salaam, ndugu yetu. Nenda kwa Kadhi wa Wilaya yako kabla hujakubali ombi lolote. Kusalisha ni jambo moja, kuozesha ni jengine. Mahakama za Kadhi za Zanzibar zinaendeshwa kwa Sheria Nam. 9 ya 2017, na ndoa husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ulioundwa kwa Sheria Nam. 3 ya 2018. Zile habari za tangazo la ndoa la siku 21 zinazozunguka kwenye simu zinatoka Sheria ya Ndoa ya 1971, nayo ni ya Tanzania Bara.

Pazito ni kwenye walii, yaani mwenye haki ya kumuozesha binti. Baba, kisha babu mzaa baba, kisha kaka, mtoto wa kaka, ami, mtoto wa ami. Mjomba hamo, hata kama ndiye aliyemlea binti na kumsomesha. Baba wa kambo pia hamo. Walii wa karibu akikataa bila ya sababu ya kisheria, usirukie kwa anayefuata: mas-ala hayo ni ya Kadhi. Walii akikubali, lazima atamke: "Nimekuwakilisha umuozeshe binti yangu fulani kwa fulani, kwa mahari kadha." Bila ya maneno hayo huna mamlaka, hata kama watu wameshakaa na kahawa inanukia. Akishakuwakilisha, bado hawezi kuhesabiwa miongoni mwa mashahidi wawili. Hao wakalishe karibu yako waisikie ijabu (tamko la kuozesha) na kabuli (tamko la mume la kukubali) kwa masikio yao, na kabuli ifuate papo hapo.

Mwanamke aliyeachwa, uliza tarehe ya talaka yenyewe, si ya kupokea karatasi. Anayepata hedhi, eda yake (muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena) ni tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya kuwa safi na hedhi. Miezi mitatu ni ya asiyepata, na mjamzito ni mpaka ajifungue. Mjane asiye na mimba ni miezi minne na siku kumi, kwa mwezi muandamo.

Majina yanakili kutoka kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Ukiandika "Hamisi" na kitambulisho kinasema "Khamis", atakayehangaika ni mkewe siku ya mirathi.