Senta mrefu anayehamahama timu: jibu kwa mama wa Kondele

Mama, pole kwa wasiwasi. Umeuliza kama mwanao wa miaka 19, mwenye urefu wa mita 2.08, aache mpira wa kikapu kwa kuwa timu tatu zimemwachilia ndani ya miaka miwili. Asiache. Masenta, wale wachezaji warefu wanaocheza karibu na kikapu, ndivyo wanavyoishi: kocha mmoja anataka mzuiaji, mwingine anataka mbio, na asiyefaa Kisumu anafaa Nakuru.

Manute Bol wa Sudan, mita 2.31, aliingia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mwaka 1985 na timu ya Washington Bullets, akapita Golden State, Philadelphia na Miami, kisha akarudi kote alikotoka kabla ya Miami. Hakuwa mfungaji kamwe. Alizuia mipira 2,086, pointi akafunga 1,599 tu! Kazi hiyo moja ilimlisha misimu kumi.

Kinachonitia hofu mimi ni viatu. Unasema vinambana hadi vidole vimekunjamana na kucha zimekuwa nyeusi. Tafuteni namba yake wiki hii, hata kwa mchango. Na asihame tena kwa maneno matupu: iandikwe nani analipa nauli, chumba na matibabu, nakala ubaki nayo wewe.